Hasi Mara Hasi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Natumaini barua itakukuta mzima, kikohozi kimekwisha, na kwamba unavaa lile koti zito kila unapoingia kwenye hivyo vyumba vya barafu unavyovitengeneza. Sisi huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini akisikia mpira unatangazwa kwa jirani, goti linapona papo hapo. Dada yako yu salama, na mtoto wake sasa anatambaa na kuvuta kila kitambaa cha meza anachokiona. Bado hajamwona mjomba wake. Huwa namwonyesha picha yako, naye huilamba.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu zimekuwa fupi mno. Tunaulizana mvua imenyesha au haijanyesha, halafu unaniambia kuna mtu anakuita. Karatasi haiitwi na mtu.

Habari kubwa ni kwamba nimeingia chuo. Usicheke, baba yako amekwisha kucheka kwa niaba ya ukoo mzima. Ni chuo kile kile chako, jengo lile la ghorofa nyuma ya posta, na somo ni lile lile: aljebra ya utangulizi.

Ulipoondoka mwaka juzi, ulisimama mlangoni na begi begani ukasema neno moja tu: “Mama, zile herufi zimenishinda.” Basi ukaenda zako. Baba yako akaniambia nikuache upumue, nikakuacha. Ila lile neno lilinikaa kichwani. Wewe uliyekuwa ukifungua redio vipande vipande ungali na meno ya utoto, ukairudisha ikiimba, herufi gani hizo zilizokushinda? Katika familia yetu herufi hazijawahi kumshinda mtu isipokuwa shangazi yako, na yule ni uvivu.

Kila nikitoka kazini, kule duka la miwani, napita mbele ya geti la chuo. Siku moja nikaona tangazo la masomo ya jioni, watu wazima wakikaribishwa. Miguu ikaingia kabla kichwa hakijaamua. Karani akaniuliza namwandikisha nani. Nikamwambia aniandikishe mimi mwenyewe. Akauliza kama nina hakika. Nikajibu kwamba hakika sina, nina hamu ya kujua tu.

Baba yako aliposikia alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akauliza aljebra nitaikaanga au nitaichemsha. Lakini baada ya siku chache nilimkuta barazani ananichongea penseli kwa kisu, kimya kimya, kama mtu anayeficha jambo.

Darasa letu ni chumba cha mwisho wa korido, kile chenye dirisha lisilofunga vizuri na feni inayolia kama panzi. Sijui kama ndimo ulimokuwa ukikaa. Mwalimu wetu ni mama mwembamba mwenye sauti ya chini, wanafunzi wamembandika jina la Taratibu, maana ndilo neno lake kila tukitaka kulikimbilia jibu. Ninakaa na binti mmoja anayetaka kusomea uuguzi. Yeye kanuni zote anazo mdomoni, anazitiririsha bila kuvuta pumzi. Ndiye aliyeanza kuniita Mama Miwani, na sasa hata mwalimu ananiita hivyo.

Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nikauliza huyo x ni nani hasa. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema x ni mgeni aliyebisha hodi gizani. Jina lake hulijui bado, lakini ukimuuliza maswali vizuri, majibu yake yatakuonyesha ni nani. Mwanangu, nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea haraka kama msichana.

Wiki kadhaa mambo yalikwenda, mpaka tulipofika pa hasi mara hasi. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba ukizidisha hasi kwa hasi unapata chanya. Binti jirani yangu akaitikia kanuni kama wimbo. Mimi nikakataa. Unajua nashinda na hasi na chanya kule dukani tangu asubuhi: lenzi za hasi ni za wale wasioona mbali, za chanya ni za wale wanaoshikilia gazeti kwa mkono ulionyooka kama baba yako. Kesho yake nikabeba lenzi mbili za hasi kwenye pochi. Nikasimama mbele ya darasa, nikaziweka moja juu ya nyingine, nikamwambia kila mtu achungulie. Vitu vilizidi kuwa vidogo. Nikauliza, “Mbona sijaiona hiyo chanya?”

Darasa lilishangilia kama nimefunga goli. Mwalimu alizipokea lenzi, akachungulia na yeye, akatabasamu. Akaniambia taratibu kwamba kuweka lenzi juu ya lenzi ni kujumlisha, si kuzidisha. Nikaketi. Alikuwa sahihi, na mimi nilijua yuko sahihi, lakini roho haikutulia. Kama hiyo si kuzidisha, basi kuzidisha hasi kwa hasi ni kufanya nini?

Nililitafuna swali hilo siku nzima nikisaga lenzi, hata tajiri wangu akaniuliza kama nina jino bovu. Mchana, duka likiwa tupu, nilichukua lile sanduku la lenzi za majaribio, zile za kupimia macho ya wateja. Nikapanga lenzi tatu, kila moja ya hasi mbili, zikawa hasi sita. Nilipotazama bango la ukutani, lilikuwa limeenda mbali na kusinyaa. Halafu nikaanza kuziondoa. Moja, bango likasogea. Ya pili, likasogea tena. Ya tatu, likarudi mahali pake. Nikahesabu kwa vidole. Kuondoa mara tatu, hiyo ndiyo hasi tatu. Nilichokiondoa ni hasi mbili. Na nguvu ya lenzi ilikuwa imepanda kwa sita! Nilipiga kelele peke yangu dukani. Tajiri akatoka mbio akidhani nimejikata. Nikamweleza yote mwanzo hadi mwisho, naye akasema vizuri sana, ila nisisahau ile fremu ya mteja wa saa tisa.

Jioni ile nilionyesha darasani. Mwalimu aliniomba nirudie, akavuta kiti akakaa kama mwanafunzi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi namna hiyo kwa jambo ambalo haliliwi wala halivaliwi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Tulifanya mtihani wa mwisho wa muhula. Nilianza vizuri, mkono unakwenda. Kisha nikafika kwenye swali fupi kuliko yote: x zidisha x, ongeza tisa, jibu sifuri, tafuta x. Nikaona kumbe natafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa hasi tisa. Tatu ikatoa tisa. Hasi tatu nayo ikatoa tisa, na hiyo niliijua kwa macho yangu mwenyewe, hakuna wa kunidanganya. Sasa huyu ni nani basi? Binti jirani yangu alikuwa amekwisha kugeuza ukurasa. Nami nilijiambia nigeuze, nikashindwa. Nilitaka kumwona. Nilipoinua kichwa, msimamizi alikuwa anakusanya karatasi, na kurasa zangu za nyuma zilikuwa nyeupe.

Mwanangu, nimeanguka. Majina yalibandikwa juzi kwenye ukuta wa korido, na langu liko chini ya mstari. Baba yako nimemwambia matokeo bado, kwa sababu amekwisha kumtangazia jirani kwamba nyumba yake ina msomi. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Pale ukutani nilisikia watu wananiita, “Mama Miwani, vipi?” Nilijifanya natafuta kitu kwenye pochi, nikatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kwenye mapipa ya taka, nikazunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya duka. Nilikuwa nimeinamisha uso, mtu mzima mimi, mwenye mjukuu. Ndipo nikakuona wewe na begi lako. Siku zote nilidhani ulituacha sisi. Kumbe ulikuwa unatafuta mlango wa nyuma.

Jana nilirudi kwa mwalimu kumuuliza yule mgeni ni nani. Akasema jibu lilikuwa neno moja: hayupo. Ningeandika hivyo tu nikaendelea, ningepita. Nilitaka kulia. Halafu akasogea, akaongeza kwamba hayupo miongoni mwa namba za darasa hili, lakini mbele huko, kwenye darasa la juu, kuna namba za aina nyingine, na huko yupo. Nikamuuliza wanaofika huko hupitia wapi. Akanionyesha mlango wa ofisi ya karani. Nimejiandikisha upya.

Sikuandikii urudi. Kazi unayo, na baba yako anajisifu kwa hiyo kazi kuliko unavyodhani. Nina jambo moja tu, ambalo kwa muda wote huu sikuwahi kukuuliza, na siulizi kama mama, nauliza kama mwanafunzi mwenzako: wewe ulikwama wapi? Niandikie hilo swali lenyewe, kama unalikumbuka. Nataka kulitazama.

Leo wakati wa chakula nitamwambia baba yako. Dada yako anakusalimu, na mtoto anakusalimu kwa mate yake. Wasalimie hao unaofanya nao kazi, na yule mama anayekupikia mwambie namshukuru. Ufunge kifua vizuri.

Ni mimi mama yako mzazi,
mwanafunzi wa aljebra ya utangulizi, mara ya pili.