Mkeka wa Baba

Garissa, Alhamisi usiku, 1966

Tumeuchoma. Mkeka aliokalia Baba akifua dhahabu mpaka alipokufa, leo mimi na Mama tumeuchoma ndani ya karai, maana vumbi la dhahabu la miaka yote lilikuwa limejificha kwenye ukindu wake.

Ningefanyaje? Askari walipopekua duka wakitafuta bunduki za waasi wa shifta, waliondoka na bangili za Mama Halima wa Bura. Alikuwa ameniletea niziyeyushe, nimtengenezee bintiye mkufu wa harusi. Harusi kesho. Nikimwambia zimechukuliwa, ataniamini? Hata mimi nisingejiamini.

Na kibao chetu pale nje bado kinajigamba kwamba tunanunua almasi. Almasi ya nani, Garissa hii?

Mama aliosha majivu huku analia, akasingizia moshi. Tulipoyeyusha, ikatoka dhahabu ya hereni moja tu. Sikio moja! Nikaitengeneza hivyo hivyo, kwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, kana kwamba uzuri ungeziba pengo.

Jioni, kabla ya saa ya kafyu, Mama Halima akaingia. Sijafungua mdomo, akanishika mkono.

"Mtoto yangu, wallahi, bangili yangu usiyeyushe. Harusi hakuna tena. Bwana harusi askari wamemshika. Nipe bangili, nikamkomboe."

Hereni ilikuwa kiganjani mwangu, kwenye mkono uleule alioushika. Sikuweza kuufungua.