Hodi ya Nne

Bi Mwanakhamis,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mtu haanzi na jambo lolote kabla ya salamu, na hata katika uzee huu sijathubutu kukuasi.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa na wiki moja Unguja, muuguzi wa kujitolea kutoka milima ya Taita, Kenya. Tulikuja watano, kwa miezi mitatu, kwa sababu madaktari wengi walikuwa wameondoka baada ya Mapinduzi. Nikatumwa kwako, nyuma ya Darajani, kukufunga kidonda cha mguu. Kwetu mtu huita akiwa bado njiani, na akifika huingia. Nikasukuma mlango, nikakukuta kichwa wazi unachana nywele. Hukunigombeza. Ulijitanda kanga taratibu, ukanitoa nje kama mtoto wa chuo cha Kurani nikaanze upya.

"Hodi mara tatu, mwanangu," ukaniambia. "Usipoitikiwa, rudi zako. Mwenye nyumba ana lake."

Nililishika somo lile kwa sababu nilitaka sana kupendwa. Asubuhi nilichemsha sindano kwenye jiko la mafuta, nikafunga vidonda hadi adhuhuri, kisha nikafua bendeji na kuzianika, maana mpya hazikuwapo. Wenzangu wanne walipelekwa mashamba. Mimi nikabaki peke yangu Mji Mkongwe, katika chumba cha ghorofani ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Watu walikuwa wema, ila wachache wa maneno. Miaka ile, mlango ukigongwa, wengi walinyamaza kwanza kwa hofu, na mgeni kama mimi hakuulizwa mengi wala kuelezwa mengi. Kuna siku nilirudi chumbani nikagundua kwamba tangu alfajiri sikuwa nimetamka neno ila "pole" na "geuka".

Kwako ndiko nilikozungumza. Baada ya alasiri nilikuja na bendeji zilizokauka, tukazikunja pamoja, wewe umeshika ncha hii na mimi ile, ukinicheka kuwa nakunja kama mtu anayesokota kamba ya mbuzi. Mchele ulikuwa wa kupanga foleni, lakini hukuacha kuniwekea kipande cha muhogo chini ya kawa. Nilikuwa nikikataa, nasema nshakula, kwa Kiunguja changu cha kuazima.

"Hujala," ulisema siku moja. "Nani mgonjwa baina yetu? Mguu wangu unapona, na wewe unakonda kwa upweke."

Nikalia mbele ya mgonjwa, jambo tulilokatazwa masomoni. Ukajifanya huoni, ukaendelea kukunja.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Ilikuwa imebaki wiki moja nirudi kwetu. Nilifika mlangoni saa yetu ile ile, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikasikia mlio mdogo ndani, kama bangili inayogonga tendegu la kitanda. Ya tatu niliipiga kwa adabu kuliko zote. Hukuitika. Nikajiambia, Bi ana lake leo, nikageuka. Nilirudi chumbani nikijisifu, Bi. Nilijiona nimekuwa mtu wa mji.

Kesho yake nilikuta viatu vimejaa barazani na mlango wazi. Mlango wazi, nami nimesimama nje napiga hodi. Aliyenitokea ni mpwa wako wa Makunduchi. Akanieleza kuwa alikukuta magharibi umeanguka kando ya kitanda, upande mmoja umepooza, na kwamba ulifariki asubuhi. Wanaume walikuwa wameshakuzika. Nikamuuliza kama ulisikia nilipokuja. Akageuka kurudi ndani. Nilipomshika mkono akasema ulimwambia, kwa ulimi mzito na nusu ya tabasamu: "Nlimgongea bangili. Kaondoka. Keshajua adabu zetu, maskini."

Miaka yote hii sijui kama ulinisamehe au ulinicheka. Siku nyingine naamini ni yote mawili. Niliwahi kuwauliza madaktari, wakasema huenda nisingebadilisha kitu. Labda. Lakini usingelala sakafuni peke yako tangu alasiri hadi magharibi, na hilo halihitaji daktari kulijua.

Nami sasa naishi peke yangu. Watoto wako mijini, mume nilimzika, na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde. Mlango wangu naurudishia tu, siufungi. Na nikienda kwa watu, hodi ya tatu isipoitikiwa nasukuma naingia. Mkwe wangu nilimkuta anajimwagia maji, akanilalamikia kwa mwanangu kuwa mama hana ustaarabu. Ningeanzia wapi kumsimulia habari zako?

Jana jioni nilikuwa nakunja kitambaa cha meza, nikaona nimekishika ncha moja na kusubiri mtu ashike ya pili. Ndipo nikatafuta karatasi.

Sikurudi tena kwenye mlango ule. Ulisema mara tatu, na mimi nilikutii pale nilipopaswa kukuasi. Nisamehe kwa hii ya nne. Safari hii usipoitika, siondoki.

Hodi, Bi.

Mwanao,
mgeni wa bendeji