Leo Nalala Makete

Mdogo wangu Isaya,

Nilianza kwa ile salamu tuliyofundishwa shuleni, kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako tu, kisha nikaifuta. Hofu kwako imekwisha tangu Januari. Iliyobaki ni ya mwanao, na ndiyo inayonifanya nikuandikie nikiwa mahali ambapo ungenicheka: nimekaa juu ya fungu la makoti ya baridi, dukani kwenye soko la Zhanxi, Guangzhou, huku Uchina, mwezi wa saba, jasho linanitiririka mgongoni kama nimemwagiwa maji. Unayajua mambo ya huku. Wanunuzi wa kaskazini wanakuja kuchukua makoti wakati wa joto, nasi tunaopeleka Makambako na Njombe tunagombania nao rafu zilezile, maana kwetu baridi ndiyo imeshika.

Laobani, yule mama mwenye duka uliyekuwa unamtania kwamba ana sauti ya kuuzia mbuzi, ananitupia koti moja baada ya jingine. "Rafiki, hii hen nuan! Joto sana! Bei ya mwisho!" Ananiona nimeshika simu naandika, anadhani natafuta bei za jirani. Mwache apige kelele.

Unakumbuka tulivyogombana ulipopata nafasi ya kusoma? Tulikuwa Kangle, kwenye kile chumba changu juu ya karakana ya cherehani, nawe umekaa juu ya marobota yangu umeshika ile barua ya chuo. Nikakuambia, Mkinga mzima unakwenda kusomea ng'ombe, wenzako wanafungua maduka? Ukanijibu, "Dada, nguo zenu zinachakaa. Ng'ombe anazaa." Nikakurushia khanga. Nikakuuliza huko Hohhot ni wapi, ukanionyesha kwenye simu: juu kabisa, mbali na bahari yoyote, mji mkuu wa jimbo la nyika na upepo. Nikasema utakufa na baridi. Ukacheka sana. "Mimi mtu wa Makete, dada. Baridi nimezaliwa nayo."

Nilikuja kukutembelea mwezi wa kumi, kwa treni, na nilipofika nilikuwa nimechoka na njaa na ubishi wangu wote umekwisha. Ulinipokea stesheni na chupa ya chai ya maziwa, nikaimeza, kumbe ina chumvi. Ulicheka mpaka watu wakageuka. Tukatembea kwenye zile barabara pana zisizo na kona, miti imeshapukutisha, milima imekaa upande wa kaskazini ya kijivu, na kwenye kila mlango wa duka maandishi ya Kichina yamewekwa pamoja na yale mengine ya Kimongolia yanayoandikwa kutoka juu kwenda chini. Upepo ulikuwa unapita bila kuuliza. Nilikuwa nimevaa makoti mawili niliyochagua mwenyewe hapa Zhanxi, nikaona aibu, maana yote mawili yalipitisha upepo. Wewe ulivaa moja, zipu wazi, umejaa maringo. Ulinionyesha uwanja wa ng'ombe wa chuo na ukawaita ng'ombe wale kwa Kikinga. Niliamini siku ile kwamba umepata mahali pako. Bado naamini.

Halafu ukahama bweni. Ulisema umechoka kula chakula cha kupangiwa, unataka kusonga ugali wako, ukapanga chumba pembezoni mwa mji kwenye nyumba za zamani za matofali, ambako mabomba ya joto ya mji hayafiki. Kilikuwa na jiko la chuma lenye bomba la kupeleka moshi nje. Ulinilalamikia kwamba kila ukiliwasha linakohoa moshi ndani, na kwamba moshi ndio unaoua watu. Nikakuambia mwite mwenye nyumba alitengeneze. Ukasema una dawa yako.

Dawa yako tuliinywa wote, Isaya. Mama akiwasha jiko nje jioni, kwenye ule uwanja wenye matope, sisi tumejikunyata mlangoni tunasubiri. Alikuwa analipepea mpaka mkaa uwe mwekundu wote, ndipo analiingiza na kuliweka katikati ya mikeka yetu. Kila siku neno lake lilikuwa lilelile: "Moshi umekwisha, sasa ni moto mtupu." Nje umande umeganda juu ya majani ya viazi, ndani sisi miguu inaungua kwa raha. Ukuta wa ile nyumba haukufika kwenye bati. Kulikuwa na nafasi pale juu ambayo upepo ulipita unaimba, nawe ulikuwa unaogopa ule wimbo, unanihamia kwenye blanketi langu. Hatukujua kwamba upepo ule ndio uliokuwa unatulinda.

Ujumbe wako niliusikiliza asubuhi, natembea barabara ya Zhanqian kati ya mikokoteni. Picha kwanza: karai la mkaa mwekundu sakafuni, na nyuma yake dirisha ulilolibandika nailoni na gundi ya karatasi pande zote, kama majirani zako walivyofanya. Kisha sauti yako, ya mtu aliyeshiba. "Dada, leo nalala Makete." Nilicheka peke yangu barabarani. Nikakujibu kwa kukutania kwamba uangalie usije ukaota unalima viazi. Wakati huo wewe ulikuwa huwezi kusikia tena.

Habari ziliponifikia, nilipanda ndege. Mwenzako wa darasani alinisindikiza mpaka kile chumba, mwenye nyumba akafungua, bibi kizee aliyekuwa analia kuliko mimi. Aliniongoza kwa mkono mpaka kwenye jiko la chuma, akalipiga bomba lake kwa kiganja, akaonyesha juu, nje, angani, akarudia na kurudia. Karai lilikuwa bado pale, na majivu meupe, safi. Daktari alinieleza, mwenzako akitafsiri, kwamba mkaa mwekundu hautoi moshi bali hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kikizibwa mtu hulala tu. Uso wako ulikuwa na wekundu wa afya. Nilitaka kukutikisa. Nina hasira na wewe mpaka leo, acha niseme, kwa sababu ulikuwa na jiko lenye bomba ukachagua la mama.

Nikampigia baba mdogo, maana sikuweza kumpigia mama. Akasema, "Ukimwambia ni jiko, utakuwa unawazika wawili. Tuseme kifua. Tuseme baridi ya huko ilimwingia kifuani." Watu wa Guangzhou walichanga, Watanzania na Wakongomani pamoja, tukakurudisha nyumbani. Siku ya mazishi baba mdogo alisoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa kwako, shule zako, ubatizo wako, na mwisho, kwamba uliugua ghafla kwa sababu ya baridi kali ya ugenini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kaburi, nimemshika mwanao Upendo mkono. Mama alimvuta mtoto kwangu, akamfunika na khanga yake. "Kama ni baridi iliyoniulia mwanangu," akasema, "huyu haitampata."

Na mama akisema, anatenda. Tangu mama yake Upendo alipoolewa Mbeya, mtoto analala chumba cha nyuma, kwenye ile nyumba tuliyomjengea mama mimi na wewe kabla hujaja huku. Uliisimamia mwenyewe. Dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye mpira, milango inayofunga kama friji. Ulijisifu kwamba mama hatausikia upepo tena mpaka anaingia kaburini. Ni kweli, hausikii.

Mwezi wa sita ulipoingia, Upendo akaanza kunitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya bibi yake. Shangazi, niletee begi. Shangazi, nimekuwa wa pili darasani. Halafu siku moja, "Shangazi, nikiamka kichwa kinaniuma sana, na natapika. Bibi anasema ni upepo wa shamba." Nikapiga simu ya video. Mama akanizungusha chumba kizima kwa furaha, nione anavyomtunza mjukuu: mablanketi, soksi za sufu, dirisha alilolizibia nguo chini kwa uhakika zaidi, na pale miguuni mwa kitanda, jekundu, safi, jiko.

Sikusema siku ile. Niliona midomo yake ikicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nikajiambia nitampigia baba mdogo atafute njia. Nikampigia, akasema tusubiri baridi ipungue. Nilirudi dukani nikiwa sijui nanunua nini. Mama Chantal wa Lubumbashi, aliyekuwa anakupikia bukari, ule ugali wa kwao, kila Jumapili baada ya ibada, akanikuta nimekaa kwenye ngazi na makoti mapajani, akaniuliza, nikamwambia yote. Alishika kichwa.

"Eh, ma sœur! Mutoto eko analala na mbabula, ile jiko ya moto, mu nyumba ya kufunga? Na weye unajua?"

"Mama atakufa nikimwambia."

"Mama atalia. Mutoto ndiye atakufa. Piga simu. Tout de suite, sasa hivi, hapa hapa, niko naona."

Nikapiga. Ilikuwa mchana huku, kwao asubuhi, shule zimefungwa.

"Mama, jiko liko wapi?"

"Liko ndani kwa Upendo, bado amelala. Baridi ya leo, mwanangu, we acha tu."

"Litoe nje, mama."

"Nilitoe kwa nini? Moshi umekwisha."

Isaya, kwa neno hilo maneno yote niliyoyapanga yakaniishia. Nikasema, "Isaya hakufa kwa baridi. Alikufa kwa jiko. Aliliwasha nje, moshi ukaisha, akaliingiza ndani, akafunga dirisha, akalala. Mkaa mwekundu ndio wenye sumu, mama. Ile inayomuuma Upendo kichwa ndiyo iliyomuua baba yake."

Nilisikia simu inawekwa juu ya kitu. Nikasikia dirisha linaburuzwa, mlango ukagonga ukuta, mshikio wa jiko ukalia, kisha maji yakamwagwa na mkaa ukapiga ukelele. Halafu sauti ya mama, ile ya zamani ya kutuamsha shamba: "Upendo! Amka! Toka nje, toka hivyohivyo!" Na mtoto, sauti imejaa usingizi, "Bibi, baridi..." Na mama, "Toka nimesema! Baridi haiui mtu!"

Mama Chantal alikaa kwenye ngazi akaficha uso.

Mama akarudi kwenye simu. Nilimsikia anahema. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, aniulize kwa nini nilimdanganya mbele ya kaburi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alisema nini, siku ile?"

Ningeweza kusema hukusema kitu. Nimechoka kuwa mjanja. Nikamwambia, "Alisema, leo nalala Makete."

Alikata simu, na mpaka leo hapokei yangu. Baba mdogo naye amenuna, anasema nimeivunja nyumba. Anayezungumza nami ni Upendo peke yake, kwa kuiba simu. Ananiambia bibi hataki moto ndani tena, hata wa dakika moja. Akimaliza kupika analimwagia jiko maji. Madirisha yanakaa wazi kidogo usiku. Blanketi lake zito amempa mtoto, yeye anajifunika khanga, na ukimwambia ataumwa na baridi anasema haiui. Naogopa, Isaya. Nilimtoa mtoto kwenye moto nikamtia mama kwenye baridi, na sijui simu ipi ningepiga kuliondoa hili.

Kwa hiyo nimekaa hapa natafuta koti la mama. La kununua kwa mikono yangu, si la mzigo. Nimeyageuza yote, nimevuta mishono, nimepuliza kitambaa kwa mdomo kuona kama pumzi inapita, maana nayakumbuka yale mawili ya Hohhot. Nimelipata moja. Laobani ameniuliza ni la kuuza wapi, nikamwambia la mama, naye akaacha kupiga kelele, akalikunja taratibu. Sijui kama mama atalivaa. Nitamtumia Upendo, nimwambie asubiri bibi asinzie, amfunike.

Ujumbe wa mwanao wa leo asubuhi ni mfupi. Kuna upepo nyuma ya sauti yake, naye anatetemeka meno. "Shangazi, nimeamka. Kichwa hakiumi."

Lala sasa, mdogo wangu. Yeye ameamka.

Dada yako mkubwa