Kadi za Zamani Mpaka Mavuno

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Iringa. 30 Agosti 1973.
Jina: Kasian Kalinga. Umri: miaka 23. Kazi: mwanafunzi wa Chuo Kikuu, yuko mafunzoni katika ofisi ya kompyuta ya chama cha ushirika. Makazi: Ipogolo.

Ndugu Sajini, na ndugu wote mlio katika mapambano ya kumkomboa mkulima kwa sayansi: nasema niliyoyashuhudia.

Ofisini kwetu binti aitwaye Tupokigwe hutoboa kadi za kompyuta. Matundu ya kwanza hutaja kijiji. Yanayofuata, idadi ya magunia matupu ya kupelekwa huko. Kompyuta huzisoma kwa programu iliyoandikwa na Seni, mtuhumiwa.

Mnamo tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, Seni alitangaza toleo jipya la programu, litakalogeuza mpangilio wa matundu. Tupokigwe akasema, "Kadi zote hizi nitoboe upya? Kaka, mikono hii si ya chuma." Seni akajibu, "Za zamani zitasomeka mpaka mavuno. Nakuahidi." Kisha akamvika koti lake, maana kulikuwa na baridi. Mimi nami nilikuwa nimeshavua langu. Nikalivaa tena, nikahutubia juu ya hatari ya ahadi zisizofafanuliwa. Tupokigwe akaniambia, "Kasian, chai yako inapoa."

Mnamo tarehe 2 Julai Seni aliweka toleo jipya. Kadi za Igowole zilikuwa bado za zamani. Mashine ikasoma idadi kana kwamba ni kijiji. Magunia ya Igowole yakapelekwa Rujewa, na mahindi ya Igowole, kwa kukosa magunia, yakaozea kwenye ukungu. Jumatatu hii wakulima walikuja wakavunja madirisha. Seni akakamatwa kwa hujuma.

Ningependa iwe hujuma. Nimeitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia katika masomo yangu. Lakini Seni amekulia Usangu. Kwao mavuno ni ya mpunga, na ifikapo Julai yamekwisha. Igowole mavuno ni ya mahindi, na mwezi huo ndiyo kwanza yanakauka shambani. Aliitimiza ahadi yake, kwa mavuno aliyoyajua yeye. Hata kosa lake, Ndugu Sajini, ni la mtu mwaminifu.

Hayo ndiyo niliyonayo. Naomba aachiwe kabla ya Jumapili. Siku hiyo, saa nane mchana, tunakutana Mbeya, nyumbani kwa baba yake Tupokigwe, kupeleka posa ya Seni. Mshenga ni mimi.

(Saini) K. Kalinga

Nimemsomea shahidi, amekubali. Baada ya kusaini ameomba neno "ningependa" lifutwe. Nimemjulisha kwamba haliwezi kubadilishwa.
Sajini Fanueli