Tajiri Wangu Jikoni

Msambweni, Ijumaa, Aprili 1954

Na bado tajiri wangu akanigombeza mbele ya wageni, eti nimemletea kuni mbichi! Lakini alifunga ghala lake la mbata tangu alfajiri, akaja kupika pilau ya harusi ya binti yangu kwa mkono wake mwenyewe.

Mdogo wangu Hamisi, anayehama kazi kila mwaka, alifika ndoa imekwisha fungwa. Baba mdogo wa bibi harusi! Tajiri wake mpya wa Galu hakumpa ruhusa. Hata jina la Hamisi tajiri huyo hajalishika.

Nilikuwa nimeamua kumwacha tajiri wangu, nimfuate Hamisi huko Galu mwezi ujao. Mshahara wangu hautoshi, na bado sijui nitafanyaje. Lakini leo, alhamdulillahi.

Hamisi alikuta ukoko tu. Akiutafuna, akaniuliza polepole, "Kaka, kwa tajiri wako hakuna nafasi?"

"Ipo. Ila kuni ziwe kavu."