Gunia la Magome kwa Mkwaju wa Bi. Rukia

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Festo,

Kamwene. Hamjambo huko Mufindi, na baridi yenu? Mkono unaendeleaje? Mama aliniambia kidonda kimefunga vizuri, ila baridi ikizidi vile vidole viwili vilivyobaki vinakufa ganzi. Pole sana, mdogo wangu. Mimi ni mzima, joto tu linanikausha. Nakupigia simu, inaita mpaka inakata yenyewe. Mama anasema tangu mashine ya mbao ikuumize hutaki kuongea na mtu, kanisani huendi, na wageni wakibisha hodi unazungukia nyuma ya jiko. Basi nimeona nikuandikie barua, niitume kwa basi pamoja na sabuni za mama. Barua ukichoka nayo unaiweka chini, kesho unaendelea. Ila hii naomba uisome yote, maana inakuhusu.

Lile gunia la magome ya msindano nililoomba, najua mlicheka. Mlisema Neema joto la Dar limempanda kichwani, anaagiza takataka za kiwandani. Ngoja nikusimulie lilikwenda wapi.

Hapa dukani kwa Mama Lyimo tunauza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Masika yalipochanganya, akaingia mama mmoja mtu mzima, amekumbatia beseni lililofunikwa gazeti. Jina lake Bi. Rukia, nesi mstaafu, mzaliwa wa hapahapa Kariakoo. Nyumba yao ya urithi ndugu waliiuza, ikavunjwa, sasa pamesimama ghorofa la maduka ya nguo. Yeye amehamia Upanga kwa binti yake. Akaondoa gazeti. Ndani mlikuwa na mkwaju, Festo, mkwaju mzee kabisa, shina limejikunja, matawi yametanda, lakini kimo chake hakinifiki gotini! Umepandwa kwenye chungu kifupi kama sahani. Miti ya namna hiyo wanaiita bonsai. Unaipunguza matawi na mizizi kidogokidogo, miaka nenda miaka rudi, inazeeka bila kurefuka.

"Huu ni mtoto wa mkwaju uliokuwa uani kwetu," akaniambia. "Ule mkubwa waliukata siku walipovunja nyumba. Nimebaki na huu, na huu nao unaniaga."

Majani yalikuwa ya njano. Nikachimbua kwa kidole. Udongo umeshikana kama wa kufinyangia vyungu, unanuka uvundo. Mizizi mingine myeusi, ukiigusa inachubuka. Kumbe wakati wa kuhama mtu alimbadilishia udongo, akamjazia ule mweusi wa bondeni. Mvua zikaja, maji yakakosa pa kutokea.

Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba wanaotunza miti hii huko nje huchanganya magome ya msindano, mti wanaouita pine, na kokoto ndogondogo, maji yapite, mizizi ipumue, na unyevu kiasi ubaki.

"Sasa gome la msindano hapa Dar nitalitoa wapi?" akauliza.

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, kwetu tunayakanyaga."

Kwanza nilijaribu kwa mafundi seremala wa Gerezani. Mbao zinawafikia zimeshamenywa, nikarudi na maranda tupu. Ndipo nikamwomba mama. Gunia lilipofika, Mama Lyimo alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Neema, hili ni duka la pembejeo. Kuni za nini?"

"Si kuni, mama. Ni udongo huo."

"Udongo!" Akawageukia wateja. "Jamani, njooni muone udongo wa Kihehe!"

Duka zima likaangua kicheko. Lakini hakunizuia. Akaniambia nipandishe mzigo wangu juu kwenye paa, nisimchafulie.

Nilipolifungua, harufu ya nyumbani ikanipanda mpaka machozi yakanilenga. Nilitegemea kukuta magome mabichi ya juu ya lundo, mekundu, yenye utomvu, ambayo yeyote angezoa haraka akamaliza. Yale hayafai, yakianza kuozea chunguni yanaunyang'anya mti chakula. Nikakuta meusi, mepesi, yaliyonyeshewa mpaka yakatulia, hayana kibanzi wala msumari. Nikampigia mama kumshukuru.

"Si mimi, mwanangu. Ni Festo. Alishinda kule kwenye lundo la zamani, anachambua kwa mkono wa kushoto. Alinikataza nisikwambie."

Usimgombeze mama.

Bi. Rukia alikuja tukafanya kazi pamoja pale juu ya paa, amejifunga kanga kiunoni kama msichana. Tuliyapondaponda kwenye kinu, taratibu, yasiwe unga. Tukayapitisha kwenye chekeche la matundu mapana, makubwa yakarudi kinuni. Kisha kwenye chekeche la matundu madogo ili vumbi lidondoke, maana vumbi ndilo linaloziba maji. Tulichobakiza ni vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi kushuka hadi ya mtama. Tukaviloweka, maji yakatoka kama chai ya rangi; tukamwaga, tukaloweka tena, mpaka maji yakapauka. Tukavianika. Mwisho tukachanganya na kokoto chenga zilizooshwa na tofali la kuchoma lililopondwa. Bi. Rukia akakata mizizi iliyooza kwa mkasi, mkono hautetemeki, ndiyo unesi huo. Tukaupanda mkwaju, tukaumwagia maji. Yakapita yote, yakatoka chini. Akapiga vigelegele, vijana wa duka la jirani wakapanda kuangalia kuna harusi gani.

Haikupita muda, Bi. Rukia akapiga simu kutoka Upanga. Majani yote yamepukutika, hata moja halikubaki. Hakunilaumu, alisema tu, "Basi, mwanangu, tumejitahidi." Baada ya hapo kimya. Festo, niliumia. Nikajiona nimemmalizia kile kilichobaki cha kwao. Kila nikipanda kule juu na kuona magome yaliyobaki, nashuka haraka.

Jumamosi moja nikashindwa kuvumilia, nikanunua maandazi nikaenda Upanga kwa miguu, njiani najipanga namna ya kumpa pole. Binti yake akanifungulia, akanielekeza kibarazani kwa kidole. Bi. Rukia alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani puani, uso umekaribia kugusa shina.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usiongee sana. Njoo uone."

Kwenye tawi la chini palikuwa na vichipukizi, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, vya kijani kibichi kabisa. Juu yake vingine. Nilihesabu nikachanganyikiwa, nikaanza upya, nikaacha. Tukakaa sakafuni tukala maandazi, tunautazama ule mti kama watu wanaotazama mpira.

"Aliyechagua magome haya ni nani kwako?" akaniuliza.

"Mdogo wangu."

"Mwambie mkono wake una baraka."

Nikamweleza yaliyoupata mkono wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wodini nimewaona wengi. Mkono unapona kabla ya mwenyewe."

Sasa mkwaju umejaa majani. Wenzake Bi. Rukia wenye maua na miti ya vyunguni wanakuja dukani kuulizia ule udongo, na Mama Lyimo, yuleyule wa kuni, ananiuliza mzigo mwingine unafika lini. Anataka tuanze na magunia machache, tuone. Sikuahidi utajiri, biashara ndogo inaweza kusinyaa. Lakini lundo la zamani lipo, na mnyapara wa pale kiwandani atawaruhusu, kwao ni uchafu. Kuchambua unaweza kufanya umekaa, kwa kasi yako. Kubeba utatafuta vijana. Sikwambii haya kwa kukuonea huruma. Nilijaribu kumweleza Mama Lyimo namna ya kuchagua, nikaona mimi mwenyewe sijui.

Nisalimie mama sana. Nisalimie baba mdogo Luka, mwambie redio yake imepona, nitaituma. Msalimie na mama mkubwa wa kwaya, namuombea kifua chake. Watoto wa shangazi wapakate wote.

Nijibu wewe mwenyewe, usimtume mama, hata kama jibu ni hapana. Ila ukisema hapana, Bi. Rukia ameapa atapanda basi aje kukuuliza sababu, na yule bibi hatanii.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Neema