Kabati, Kiatu na Mlima wa kwa Nyanya

Jumamosi, jioni. Meru kumepoa. Mvua imeacha kunyesha lakini mabati bado yanadondosha maji. Nimekaa kitandani na miguu yangu haitaki kutulia. Nimeoga, nikaoga tena, na bado kuna tope jekundu chini ya kucha zangu.

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa hivi. Naingia jikoni, nasahau nilichofuata. Natoka nje, naangalia barabara, narudi. Mama anasema natembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Wenzangu wanangoja chuo. Baba anasema mimi pia nangoja chuo, cha ualimu, na mimi huitikia kwa kichwa kwa sababu kuitikia kwa kichwa ni rahisi kuliko kuongea.

Blogu hii haina jina langu, kwa hiyo hapa nitasema ukweli.

Napenda magari.

Sisemi kuyapiga picha au kukaa kiti cha mbele. Napenda kulala chini yake nikaona kitu gani kinazungusha kitu gani. Baba anaendesha gari la kukodisha. Huwapeleka wapimaji wa ardhi na maafisa wa kilimo mahali ambapo matatu haifiki. Likiharibika hulitengeneza mwenyewe, na tangu nikiwa mdogo mimi ndiye ninayemshikia tochi. Anafikiri nashika tochi tu.

Leo kulikuwa na mashindano ya magari mawili. Sitataja ni magari ya aina gani, kwa sababu watu wa hapa ukiwatajia jina la gari wanaanza kubishana kabla hujamaliza sentensi. Nitayaita kama tunavyoyaita nyumbani.

Kabati ni la Baba. Ni la zamani, la mraba, na jina hilo lilitoka kwa Mjomba, mdogo wake Mama anayeishi Embu. Kando ya kijiti cha gia kuna kijiti kingine kifupi. Ukikivuta, gari linaingia gia nzito: injini inanguruma sana, magurudumu yanazunguka polepole, na linaweza kupanda ukuta kama ukuta ungekubali. Ekseli yake ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Upande mmoja ukiinuliwa na jiwe, ule mwingine unasukumwa chini kutafuta ardhi. Ubaya wake ni difu, kile kifuko cha chuma kinachogawia magurudumu nguvu, inayoning'inia katikati ya ekseli kama kitunguu kikubwa. Hiyo ndiyo hugonga mawe kwanza. Tena mkia wake ni mrefu, na likitoka mtoni linaburuta.

Kiatu ni la Mjomba. Jina hilo lilitoka kwa Baba, kulipiza. Ni fupi, limeviringana mbele, na kila gurudumu lina mkono wake wa kulishikilia, na gari halina kitunguu cha kuning'inia. Ukipima kwa rula, tumbo la Kiatu liko juu zaidi kuliko la Kabati. Nimepima. Baba hajui. Nguvu yake kubwa inaenda magurudumu ya mbele, na ya nyuma husaidia pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Gurudumu likizunguka bure, kompyuta inalifunga breki ili nguvu iende kwa jingine. Ni akili nzuri sana. Lakini halina gia nzito, na matairi yake ni ya lami.

Kwa barabara ya kutoka hapa hadi Embu, na zile kona zake, ningechagua Kiatu bila kufikiri. Kwa shamba la Nyanya, mama yake Baba, kule Mitunguu, Kabati. Nililijua hilo jana kabla hawajaanza.

Ndiyo sababu sikulala.

Mjomba alifika jana jioni. Mimi nimeitwa jina la mama yake, kama ilivyo desturi, kwa hiyo yeye haniiti kwa jina. Ananiita maitu, yaani mama kwa Kiembu, na huniamkia kwa heshima kubwa mpaka naona haya. Nilikuwa nikimmiminia chai alipomwambia Baba:

"Shemeji, nipe huyu maitu nimpeleke Embu. Gereji yangu imekuwa kubwa. Nataka mtu wa kumfundisha kazi, mwenye kichwa."

"Gereji si mahali pa msichana," Baba akasema.

"Hata wewe unajua huyu anashika spana kuliko wewe."

"Anashika tochi."

Wakaendelea hivyo, kisha kama kawaida yao wakaacha habari yangu wakaingia kwa magari. Kiatu hakiwezi, Kabati ni chuma chakavu, watu wa Embu wamezoea lami, watu wa Meru wamezoea kusukuma. Mwishowe Baba akacheka akasema, "Siku Kiatu kitapanda mlima wa kwa mama yangu wakati wa mvua, utamchukua huyo msichana na kabati la nguo zake."

"Kesho?"

"Kesho."

Wakapeana mikono juu ya vikombe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya chai. Hakuna aliyeniuliza. Na kitu cha aibu ni kwamba nilifurahi. Nilifikiri: sasa sitahitaji kusema chochote. Kiatu kitanisemea.

Halafu nikakumbuka matairi yake.

Asubuhi tuliteremka Mitunguu. Ilikuwa siku ya kukata ndizi ambazo Mama huuza sokoni Gakoromone. Shamba la Nyanya liko chini karibu na mto, na njia ya kupanda hadi barabara ya murram, ile ya changarawe, ni mwinuko wa udongo mwekundu, una kona moja juu ambapo maji ya mvua yamechimba mtaro. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo uling'aa kama umepakwa mafuta.

Sasa, kwa Nyanya mgeni haondoki mikono mitupu. Gari likiingia kwake likatoka bila ndizi, yeye huona ameaibishwa mbele ya majirani. Kwa hiyo tukiwa bado tunafunga mizigo ya Mama kwenye Kabati, Nyanya na jirani yake Baba Mwenda walikuwa wamefungua mlango wa nyuma wa Kiatu na kukijaza mikungu hadi kwenye kioo.

"Mama, zimetosha," Mjomba alisema.

"Kwani Embu hamli?" Nyanya akamjibu, akaongeza mkungu.

"Mzigo ndio unashikisha tairi!" Baba Mwenda akasema. Yeye ana pikapu, na kwa pikapu ni kweli, kwa sababu linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nilimwangalia Baba. Alikuwa anatabasamu chini ya masharubu. Alijua, akanyamaza.

Kiatu kilipanda kidogo tu. Pua ikainuka, magurudumu ya mbele yakazunguka kama ya pikipiki ya mtoto, kikarudi chini kinyumenyume. Mjomba akajaribu tena kwa kasi, kikageuka upande na karibu kiingie kwenye migomba.

"Shemeji, kivue, kisha upande kwa miguu mitupu!" Baba akapiga kelele.

"Kiatu hakina kamba!" Baba Mwenda akadakia, na watu wote waliokuwa wakikata ndizi wakaacha kazi wakaja kuangalia.

Mjomba alishuka, akatazama matairi yake yaliyojaa udongo hadi mistari ikapotea. Hakuwa anacheka tena. Nilisimama kando ya mgomba. Nilijua cha kufanya. Lakini ukiwa mtu kama mimi, kusema mbele ya watu wakikuangalia ni sawa na kuvuka mto usioujua kina chake.

Nilisema. Hakuna aliyesikia.

Nikasema tena.

"Mjomba, toa ndizi."

"Ati nini?" Nyanya akageuka.

"Toa ndizi. Halafu upunguze upepo kwenye matairi, yalale kidogo yashike."

Nyanya akafuta mikono kwenye leso yake polepole. "Ndizi zangu zimekosa nini?"

"Ndizi hazijakosa, Nyanya. Zimekaa nyuma sana, gari limeinua pua. Magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta, na sasa hayana uzito."

Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu tangu nizaliwe. Na Baba hakuwa akiangalia gari tena. Alikuwa akiniangalia mimi, bila kicheko, na hapo nikatambua nilichofanya. Nilikuwa nimemwonyesha ni gari gani ninalotaka lishinde.

Nyanya aliuinamia mkungu wa juu akaupapasa. Kisha akasema, "Zishusheni. Lakini ni zake. Hazirudi shambani."

Wakazishusha. Mjomba akapunguza upepo, na mimi nikachuchumaa nikabonyeza tairi kwa kidole gumba hadi nikaona linatosha. Akapanda. Safari hii kilishika! Kilitambaa kikitikisika, kikapita pale kilipokwama kwanza, kikapita mgomba ulioinama, na mimi nilikuwa nakimbia kando yake kwenye tope bila kujua nakimbia. Nilikuwa nasema "pole pole, pole pole" kama anayebembeleza mtoto.

Kwenye kona gurudumu moja la mbele likaingia mtaroni na la nyuma la upande wa pili likainuka hewani, kama mbwa kwenye nguzo. Kompyuta ikajaribu. Nilisikia breki zikifunga na kufungua, tak tak tak, nguvu ikitafuta pa kwenda. Kiatu kingekuwa na gia nzito kingetoka polepole. Hakikuwa nayo. Mjomba akikanyaga mafuta, kinaruka, akiacha, kinazimika.

Hapo ndipo kiliposimama. Barabara ya murram ilikuwa inaonekana kabisa.

Baba alipanda na Kabati likiwa limebeba ndizi zote, za Mama na za mgeni. Alivuta kijiti kifupi, akapanda kama anayekwenda kanisani. Kwenye mtaro gurudumu moja liliinuliwa na ukingo na lingine likasukumwa chini kushika ardhi, kile kitunguu kikakwaruza udongo, likapita kando ya Kiatu. Akafunga kamba, akakitoa Kiatu. Watu wakapiga makofi. Nilingoja Baba acheze, apige honi, amtanie Mjomba mpaka jioni. Hakufanya hivyo. Alikunja kamba tu.

Nilirudi Meru kwenye Kabati, kiti cha mbele. Tulikuwa tumeshafika kwenye lami Baba aliposema:

"Ulitaka Kiatu kipande ule mlima."

"Ndiyo."

Akabadilisha gia. "Na kingepanda, ungekwenda Embu kwa sababu mimi na Mjomba wako tulipeana mikono?"

Nilianza kukwangua tope chini ya kucha.

"Mimi simtoi mtoto kwa sababu ya gari," akasema. "Ule ulikuwa mchezo. Kama una neno, una mdomo. Leo nimeusikia."

Akaendesha hadi nyumbani.

Sasa niko hapa. Mjomba anaondoka kesho baada ya chai. Ndizi za Nyanya ziko pembeni mwa sebule zimefunikwa majani, na ni lazima zifike Embu, kwa sababu Nyanya atauliza. Nimekuwa nikifikiri njia nyepesi: nitasema nakwenda kuzishikilia zisigongwe, nitarudi wiki ijayo. Kisha nisirudi. Ni uongo mdogo na ungefaulu.

Lakini hapo nitakuwa nimejificha nyuma ya ndizi kama nilivyotaka kujificha nyuma ya Kiatu.

Ninachoogopa si Baba kukataa. Kukataa nimekuzoea. Naogopa akubali, niende, nishindwe, warudi kusema gereji si mahali pa msichana, na safari hii wawe na ushahidi. Naogopa pia kubaki. Nikibaki nitazunguka ndani ya nyumba hii mpaka nichimbe mtaro.

Mama anaita chakula. Naweka simu chini. Nitaongea kabla sijakaa, maana nikikaa sitaongea.

*

Nimerudi.

Nimesema.

Nilisimama nyuma ya kiti nikakishika kwa mikono miwili. Nikasema, "Baba, nataka kwenda Embu kujifunza kutengeneza magari. Si kwa sababu ya ule mchezo wenu. Nataka mwenyewe."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Mjomba akaangalia sahani yake, bila mzaha kwa mara ya kwanza tangu afike. Baba alitafuna kwa muda mrefu.

"Na ualimu?"

"Sitaki ualimu."

Akamgeukia Mjomba. "Atalala wapi?"

"Kwangu, chumba kimoja na binti zangu. Wapi pengine, shemeji?"

Baba akanawa mikono, akainuka, akatoka nje. Nilifikiri nimeharibu. Tulimsikia akifungua mlango wa nyuma wa Kabati, ule unaolia. Aliporudi alikuwa na ile kamba ya kuvutia gari, bado imejaa matope. Akaiweka mikononi mwangu, tope likidondoka mezani.

"Nenda na hii," akasema. "Hicho kiatu cha Mjomba wako kitaihitaji."

"Ondoeni matope mezani kwangu!" Mama akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira.

Kamba iko hapa juu ya begi langu. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Miguu bado haitaki kutulia.